"Inchi 1" ya kamera ni nini, na inamhusu vipi anayenunua zawadi

Picha ya kwanza ya kamera iliyotolewa zawadi mara nyingi hupigwa ndani ya nyumba. Ni jioni, karatasi ya zawadi bado iko mezani, taa inawaka darini, na aliyepewa anamgeuzia lenzi yule aliyempa. Huo ni mwanga mgumu sana kwa kamera ndogo. Picha ikitoka safi, kesho kamera itatoka na mwenyewe. Ikitoka na chenga, nyuso zimevurugika kama rangi iliyopitiwa na kitambaa chenye maji, mtu atarudi kwenye simu yake taratibu, bila kusema neno, na kamera itaanza kukaa kabatini.

Kinachoamua hayo kwa sehemu kubwa ni sensa, yaani kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Wengine hukiita kihisi. Kwenye boksi utaona megapikseli zimeandikwa kwa tarakimu kubwa, pamoja na idadi ya mara ambazo kamera inaweza kuvuta karibu. Ukubwa wa sensa huandikwa kwa herufi ndogo, ndani ya orodha ya vipimo, tena kwa lugha isiyoeleweka: "1/2.3", "1.0", "APS-C". Nina hakika watu wengi hununua kamera isiyowafaa kwa sababu tu hakuna aliyewafafanulia mstari huo mmoja.

Tuanze na "inchi 1", maana ndiyo inayopotosha zaidi. Inchi ni milimita 25.4. Lakini sensa inayoitwa ya inchi 1 ina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, na hata ukiipima pembe kwa pembe hupati zaidi ya milimita 16 hivi. Inchi yenyewe haipo popote. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo iliyokuwa ikitumika ndani ya kamera za televisheni za zamani. Mrija uliitwa kwa kipenyo chake cha nje, unene wa kioo ukiwemo, ilhali eneo la ndani lililopokea taswira lilikuwa kama theluthi mbili tu ya kipenyo hicho. Sensa za kielektroniki zilipochukua nafasi ya mirija, watengenezaji waliendelea na majina yale yale. Mrija umetoweka, jina limebaki.

Sehemu kama 1/2.3 hufuata mkondo huo huo: kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo sensa inavyokuwa ndogo. Sensa ya 1/2.3, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndani ya kamera nyingi za mfukoni, ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Eneo lake ni kama milimita za mraba 28. Ile ya inchi 1 ina 116, yaani mara nne. APS-C hufikia kama 367, na ile inayoitwa fremu kamili ina milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja kwenye mkanda wa filamu wa milimita 35. Hizo mbili za mwisho hukutana nazo zaidi kwenye kamera za kubadilisha lenzi, ingawa zipo kamera chache za mfukoni zenye APS-C.

Kwa nini eneo liwe na uzito kiasi hicho? Fikiria matone ya kwanza ya mvua yanapoanza kuanguka kwenye sakafu kavu. Hapa yameanguka matatu, pembeni hakuna hata moja, mbele kidogo mawili. Sakafu ina madoadoa. Mvua ikishamiri, sakafu yote huwa na rangi moja. Mwanga nao hufika kwa chembechembe, bila mpangilio. Ukipiga picha ya ukuta mweupe kwenye mwanga hafifu, pikseli moja hupata chembe nyingi kidogo na jirani yake hupata chache, ingawa ukuta ni ule ule. Tofauti hizo za bahati tu ndizo macho yetu huziona kama chenga. Sensa kubwa hupokea chembe nyingi zaidi kwa muda ule ule, na madoadoa hufifia. Mchana kweupe mvua imeshashamiri tayari, ndiyo maana kamera yoyote ile hupendeza nje kwenye jua, na ndiyo maana kuijaribu kamera dukani kwenye taa kali hakukuambii mengi.

Megapikseli ni hesabu nyingine kabisa: ni idadi ya nukta zilizogawanywa juu ya sensa hiyo, milioni moja kwa kila megapikseli. Picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6 huhitaji kama megapikseli 2 kwa ubora mzuri, na ukurasa mzima wa A4 huhitaji kama 9. Kamera yoyote mpya ya kampuni inayojulikana inazo za kutosha na kubaki. Kwa hiyo mtu anapojivunia kwamba hii ina 20 na ile ina 16, anapima kitu ambacho aliyepewa zawadi hatakiona. Kibaya zaidi, zipo kamera za bei ya chini sana zinazotangaza 48 au zaidi, kumbe sensa yake ina chache tu na programu ndiyo inayobuni nukta zilizobaki. Namba kubwa mno kwenye kamera ya bei ndogo mno ni sababu ya kuirudisha rafuni.

Tazama kamera mbili za kweli. Canon PowerShot SX740 HS ilitoka mwaka 2018, ina uzito wa gramu 299 na megapikseli 20. Sony RX100 VII ilitoka mwaka 2019, ina gramu 302 na megapikseli 20. Mkononi karibu ni kitu kimoja. Lakini ya kwanza ina sensa ya 1/2.3, ya pili ina ya inchi 1. Na ile yenye sensa ndogo huvuta mara 40, ilhali yenye sensa kubwa huvuta mara 8 hivi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sensa ikikua, lenzi ya kuifunika nayo lazima ikue. Ukitaka mwili ubaki wa mfukoni, utapunguza uwezo wa kuvuta. Canon G7 X Mark III, yenye sensa ya inchi 1 na tundu la lenzi linalofunguka sana, huvuta mara 4 na kidogo. Ricoh GR III, yenye APS-C katika mwili wa gramu 257, haivuti kabisa: ukitaka karibu, sogea.

Hiyo ina maana kwamba sensa ndogo haikosi mwenyewe. Anayependa ndege, anayekaa jukwaa la nyuma uwanjani, anayetaka kumwona mwanawe akicheza upande wa pili wa kiwanja, atafurahia ile ya kuvuta mara 40 kuliko ile ya gharama zaidi. Yeye hupiga mchana, na mwanga upo. Hakikisha tu kwamba namba unayoisoma ni ya kuvuta kwa lenzi. Kuvuta kwa kidijitali ni kukata picha na kuikuza, jambo ambalo simu hulifanya bila kununuliwa kitu.

Na simu ndiyo mshindani wa kweli wa zawadi yako. Mwaka 2010 kamera zenye lenzi isiyobadilishwa zilizosafirishwa kutoka viwandani zilipita milioni 100 duniani, kwa hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu nyingi za bei ya juu sasa zina sensa kuu iliyo kubwa kuliko 1/2.3, na juu yake zina programu inayounganisha picha kadhaa kuwa moja. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayetaka kumpa mtu kamera ya sebuleni, ya sherehe, ya watoto wanaokimbia ndani ya nyumba, ni mmoja: inchi 1 au zaidi, ama usinunue. Chini ya hapo unampa kitu ambacho simu yake inakishinda, isipokuwa kwenye kuvuta na kwenye flashi, maana flashi ya kamera hutoa mwako mkali kuliko kitaa cha simu.

Sensa haifanyi kazi peke yake. Angalia pia namba ya tundu la lenzi, ile inayoandikwa na herufi f. Ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Kwenye kamera inayovuta utaona namba mbili, ya kuanzia na ya mwisho, na ile ya mwisho ndiyo itakayotumika ukivuta hadi kikomo.

Kuna zawadi moja ambayo yote niliyosema hugeuka juu chini kwayo. Vijana wengi siku hizi wanatafuta kamera za mfukoni za miaka ya 2000, zenye sensa ndogo za aina ya zamani iitwayo CCD, kwa sababu ya zile rangi, flashi ya usoni na chenga zenyewe. Kwao upungufu ndio mvuto, nami sioni kosa. Hapo kazi yako ni kadi ya kumbukumbu. Kamera zilizotangulia kadi za SDHC, yaani zile SD za nafasi kubwa zaidi zilizokuja mwaka 2006, kwa kawaida hazisomi kadi ya SD inayozidi gigabaiti 2, na baadhi ya kamera za Olympus na Fujifilm hutumia kadi za xD ambazo hazitengenezwi tena. Tafuta kadi inayoingia kabla ya kulipia kamera.

Iwe mpya au kuukuu, usiifunge ikiwa haijaguswa. Chaji betri ijae, weka kadi ndani, panga tarehe na lugha, kisha irudishe kwenye boksi lake, ili jioni ile, chini ya taa ile, mwenyewe abonyeze tu.