Wembanyama hakufika NBA kwa urefu peke yake

Wengi husema Victor Wembanyama, mcheza kikapu Mfaransa mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, ili kufika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alihitaji kusimama tu chini ya ringi. Si kweli. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni kwa wachezaji wote, na warefu waliokwama ni wengi. Mtanzania Hasheem Thabeet, mrefu karibu sawa naye, alichaguliwa wa pili NBA ilipogawa wachezaji wapya kwa timu zake mwaka 2009, lakini msimu huohuo alishushwa ligi ya maendeleo.

Tofauti ilianzia malezini. Wembanyama alizaliwa Januari 2004. Baba yake, mwenye asili ya Kongo, alikuwa mwanariadha wa miruko mitatu. Mama yake alicheza na kufundisha kikapu. Katika klabu ya Nanterre, Ufaransa, hakufungiwa chini ya ringi: alijifunza kudunda mpira, kupiga pasi na kutupa kutoka mbali kama walinzi (guards), wachezaji wafupi wanaoendesha mchezo. Akiwa na miaka 15 tayari alicheza na watu wazima. Msimu wa 2022-23 aliongoza ligi ya Ufaransa kwa pointi, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa ringi) na mitupo aliyoizuia, kisha San Antonio Spurs ya NBA wakamchagua wa kwanza.

Urefu wenyewe una gharama, na hili husahaulika mno. Mkono au mguu mrefu huongeza nguvu inayovuta maungio na misuli, na mwili mwembamba husukumwa kirahisi. Mwaka 2022 jeraha la msuli wa nyonga lilimkosesha fainali ya ligi ya Ufaransa. Ndiyo maana hufanya mazoezi ya vidole vya miguu na vifundo akiwa pekupeku, kabla hata hajagusa mpira.