Imani ya Kikristo na amani ya Uganda: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukianzisha mazungumzo kuhusu vita vya kaskazini mwa Uganda, iwe ni Kampala au Mbale, hutakosa mtu wa kusema kwamba dini ndiyo iliyoviwasha, wala hutakosa mwingine wa kudai kwamba sala za maaskofu ndizo zilizovizima. Madai yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi. Yanachoficha ni kazi yenyewe, iliyokuwa ya kuchosha na ya hatari, na iliyofanywa na watu walioshukiwa na jeshi na waasi kwa wakati mmoja.

Dhana: Vita vya Kony vilikuwa vita vya Kikristo

Ni kweli kwamba Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA (Lord's Resistance Army), alizitaja Amri Kumi za Mungu, na kwamba kabla yake Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la roho wake, Lakwena, aliongoza wapiganaji waliopakwa mafuta ya kuwakinga na risasi hadi karibu na Jinja mwaka 1987. Lakini anayetafuta chanzo cha vita hivyo aanzie Januari 1986, pale jeshi la waasi la NRA, lililoongozwa na Yoweri Museveni, lilipoiteka Kampala na askari wa jeshi lililoshindwa, wengi wao wakiwa Waacholi, wakakimbilia kwao kaskazini wakiwa na silaha na hofu ya kulipiziwa kisasi. Mafundisho ya Kony yalichanganya Ukristo, Uislamu na imani za mizimu ya Kiacholi, na misheni na shule za kanisa zilikuwa miongoni mwa shabaha za wapiganaji wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA walivamia shule ya sekondari ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, inayoendeshwa na Kanisa Katoliki katika eneo la Lango, wakateka wasichana 139. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano aliyekuwa naibu mkuu wa shule, aliwafuata porini akiwa na mwalimu mmoja tu. Hawakuwa na bunduki wala fedha za kutosha kumshawishi yeyote. Baada ya kubembeleza na kubishana kwa muda mrefu, kamanda aliwaachia wasichana 109 na kubaki na 30. Hesabu hiyo naiona kuwa kipimo cha haki kwa mada yetu: imani haikuweza kuuzuia uvamizi ule, wala haikuwarudisha wote, lakini iliwapeleka watu wawili mahali ambapo hakuna aliyetumwa kwenda.

Dhana: Mkristo mpenda amani huomba na kunyamaza

Dhana hii hupendwa na watawala, na wakati mwingine na wachungaji wenyewe, kwa kuwa haimgharimu mtu kitu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana, mzaliwa wa Mucwini huko Kitgum, hakuifuata. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha, na siku chache baadaye maaskofu wa kanisa hilo walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na kupotea kwa watu. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, kisha serikali ikatangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na wengi tunaifurahia kama siku ya mapumziko bila kukumbuka kwamba iliyomponza ni barua.

Miaka ishirini baadaye, watu wa nyumbani kwa Luwum walikuwa katikati ya vita vingine. Viongozi wa dini wa Acholi walianza kukutana mwaka 1997, na mwaka uliofuata wakaunda rasmi jumuiya ya kutafuta amani inayojulikana kwa kifupi chake cha ARLPI (Acholi Religious Leaders' Peace Initiative). Wapo wanaoikumbuka kama kazi ya Wakatoliki, na wengine kama ya makanisa tu; wote wanakosea, maana Waislamu walikuwemo pamoja na Wakatoliki na Waanglikana, na Kadhi wa Acholi, Sheikh Musa Khalil, alikuwa mmoja wa nguzo zake. Nguvu yao ilitokana na jambo la kawaida sana. Wakati watu zaidi ya milioni moja wamejazwa kambini na maofisa wengi wa umma wamehamia mjini, parokia na misikiti ilibaki wazi, na waliokuwa wakiiongoza walijua nani amezikwa wapi na mtoto wa nani yuko porini. Kamanda wa waasi aliyetaka kutuma ujumbe alimwamini zaidi katekista aliyembatizia ndugu zake kuliko mjumbe aliyefika kwa gari la serikali. (Kwa wengi wa kaskazini, Kiswahili hiki ninachoandika kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, hata lugha ilikuwa na upande wake.)

Ukaribu huo ulikuwa na gharama. Agosti 2002 mapadre watatu waliokwenda kukutana na waasi huko Kitgum walikamatwa na jeshi. Juni 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu, Askofu mstaafu Macleord Baker Ochola wa Kitgum, Sheikh Khalil na wenzao walibeba magunia na blanketi wakaenda kulala kwa siku nne katika stendi ya mabasi ya Gulu, pamoja na maelfu ya watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini ili wasitekwe usiku. Hapo hapakuwa na hotuba ndefu. Dunia iliyokuwa imewasahau watoto wale ililazimika kuuliza kwa nini askofu analala chini, na mwaka uliofuata ARLPI ilipewa Tuzo ya Amani ya Niwano kutoka Japani.

Dhana: Kanisa siku zote limekuwa upande wa amani

Hapa sisi Wakristo tunapaswa kuwa wakweli. Damu ya mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, ilikuwa haijasahaulika wakati waumini wa pande hizo mbili walipopigana wao kwa wao katika vita vya Mengo, Januari 1892, huku Mwingereza Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim. Uhasama huo ulirithiwa na vyama vya siasa, kiasi kwamba watu walitania kuwa herufi za DP, chama cha Democratic Party kilichopendwa na Wakatoliki, ni kifupi cha "Dini ya Papa". Baraza la pamoja la makanisa, UJCC (Uganda Joint Christian Council), lilianzishwa mwaka 1963, na haliwezi kueleweka bila historia hiyo: Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi walianza kwa kupatana wenyewe.

Dhana: Msamaha wa Kikristo ni kufuta kosa

Hili ndilo lenye utata zaidi. Viongozi wa dini waliipigania Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, wakisisitiza kwamba imhusu kila mpiganaji atakayeweka silaha chini, kwa sababu wengi wa wapiganaji hao walikuwa watoto waliotekwa, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe arudishwe nyumbani kwa pingu. Zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali walinufaika nayo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati za kuwakamata Kony na makamanda wake wanne mwaka 2005, viongozi hao waliona kwamba mlango wa mazungumzo unafungwa, na wakasema hivyo waziwazi.

Hata hivyo, hawakusema kwamba makosa yasahauliwe. Askofu Ochola, ambaye mkewe aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, ametetea kwa miaka mingi mila ya mato oput. Katika mila hiyo mkosaji hukiri kosa mbele ya ukoo aliouumiza, fidia hulipwa, kisha pande zote mbili hunywa kinywaji chenye mzizi mchungu wa mti wa oput. Kukiri hutangulia kunywa. Nadhani wakosoaji wa maaskofu wana hoja moja nzito, kwamba mpiganaji aliyesamehewa alipewa cheti huku mjane akibaki mikono mitupu. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto na baadaye kuwa kamanda, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kifungo cha miaka 25 mwaka 2021, na Februari 2024 mahakama hiyo hiyo ikaamuru waathirika walipwe fidia ya zaidi ya yuro milioni 52. Mahakama na mila zote mbili zinadai fidia. Zinatofautiana katika nani aketi mbele ya nani.

Dhana: Juba ilishindwa, hivyo kazi yote ilikuwa bure

Katika mazungumzo ya amani kati ya serikali na LRA yaliyofanyika Juba, kusini mwa Sudan ya wakati huo, Kony hakuutia saini mkataba wa mwisho mwaka 2008. Lakini makubaliano ya kusitisha mapigano ya Agosti 2006 yaliviondoa vita Uganda, na watu wakaanza kurudi mashambani mwao.

Dhana: Amani ni kazi ya viongozi wa dini

Angelina Atyam alikuwa mkunga huko Lira, na binti yake alikuwa mmoja wa wale 30 wa Aboke. Yeye na wazazi wenzake walikutana kusali, na siku moja wakakwama katika maneno ya kuwasamehe waliowakosea; walijua wanayemsema ni nani. Kutokana na mikutano hiyo kikazaliwa chama cha wazazi kilichopaza sauti hadi nje ya nchi, na mwaka 1998 Angelina akapewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Waasi walipomwahidi kumrudishia binti yake iwapo angenyamaza, alikataa, akitaka watoto wote waachiwe. Alikwenda pia kwa mama wa kamanda aliyemshikilia binti huyo, akamwambia kwamba amewasamehe. Binti alitoroka mwaka 2004, akarudi nyumbani akiwa tayari mama.