Ukipima kasi kwa simu, unapima nini hasa?

Mtu wa Majengo anakutumia picha ya skrini ya simu yake. Namba kubwa katikati, 7.4, na chini ameandika: "Wi-Fi nalipia mega 20, ona wanachonipa. Hawa watu ni wezi." Jirani wa Rau naye anatuma yake, 19.8, anasema Wi-Fi ya kwake iko safi, ilhali watoto chumbani hata video ya somo haifunguki. Wote wawili wamepima kweli, na namba wameisoma sawasawa. Ila yule wa kwanza analaumu kampuni kwa kosa ambalo huenda ni la ukuta wa nyumba yake, na wa pili anasifia Wi-Fi kwa kazi ya waya. Hapa Moshi nalisikia hili la kuchanganya Wi-Fi na intaneti kila mahali, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, kwenye maduka ya simu pale stendi, hata kwa baadhi ya mafundi wanaofunga ruta, na linawagharimu watu hela. Kwa hiyo niliseme kwa kirefu.

Maana yenyewe ni fupi. Kipimo cha kasi ni programu inayovuta data kutoka kwenye seva fulani, yaani kompyuta iliyoko mahali pengine kwenye mtandao, kwa sekunde kumi au kumi na tano hivi, inahesabu biti ngapi zimefika kila sekunde, halafu inasukuma data kurudi kulekule na kuhesabu tena. Namba ya kwanza ni ya kupakua, ya pili ni ya kupakia. Ya tatu, inayoandikwa kwa milisekunde, ni muda wa ujumbe mdogo kwenda kwenye seva na kurudi. Wengi wanaiita ping. Programu inayojulikana zaidi ni Speedtest ya Ookla, iliyoanza 2006. Fast.com ya Netflix ilikuja 2016. Na Mbps, yaani hizo mega za kasi, ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo mega 20 unazolipia ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, na filamu ya gigabaiti 1 itachukua kama dakika saba kushuka. Hapo hujaibiwa.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi, maana ndipo mambo yanapoharibika.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na ruta. Yanaanzia kwenye kile kiboksi chenye antena kilichowekwa nyuma ya TV, yanaishia mkononi mwako. Safari yake yote ni mita chache, na haitoki nje ya geti lako ila kwa bahati mbaya, kwa jirani. Intaneti inaanzia upande wa pili wa ruta: waya unaopita juu ya dirisha hadi kwenye nguzo, mitambo ya kampuni iliyoko mjini, njia ya mkongo, yaani waya wa nyuzi za kioo, kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na kutoka pale mikongo ya baharini kama SEACOM iliyoanza kazi 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Vitu viwili vinavyokutana kwenye kiboksi kimoja, na kila kimoja kinaweza kuugua peke yake.

Simu yenyewe inalijua hilo. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta uone: alama ya Wi-Fi inabaki palepale juu ya skrini, imejaa, na simu inakuandikia kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Ukiwa na printa ndani ya nyumba bado unaweza kuchapa. Wi-Fi ni nzima kabisa, inafanya kazi yake yote. Isichokuwa nacho ni cha kubeba.

Kama unataka ushahidi mkubwa zaidi, kumbuka 12 Mei 2024, Jumapili. Mikongo ya SEACOM na EASSy ilipata hitilafu baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikasumbuka. Kuna watu walishinda wanazima na kuwasha ruta, wengine waliihamisha kutoka sebuleni kwenda koridoni na kuirudisha. Vile vistari vya Wi-Fi vilikuwa vimejaa muda wote. Vistari hivyo vinapima nguvu ya redio kati ya simu na ruta tu, na hitilafu ilikuwa chini ya bahari, mbali na koridoni kwako.

Turudi kwenye kipimo. Programu ya kupima haiwezi kuona kwamba njia ina vipande viwili. Inaona data imetoka kwenye seva na imefika kwenye simu, basi. Wenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, Kibosho na Machame watanielewa upesi nikisema ni kama mfongo, mfereji wa kumwagilia: mtoni maji yawe mengi kiasi gani, kinachofika migombani ni kile kilichoweza kupita pale pembamba kuliko pote. Programu inakupa kiasi kilichofika. Wapi ni pembamba, haikuambii. Kwa hiyo ile 7.4 ya mtu wa Majengo inaweza kuwa ni ya kampuni, inaweza kuwa ni ya ukuta wa bloku mbili zilizoko kati ya chumba chake na ruta, inaweza hata kuwa ni simu yake ya zamani. Namba moja peke yake haihukumu mtu.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi, na hapa sina utani. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, unaiona kwa macho, simu na TV nyingine zimeacha kuvuta, pima. Kisha nenda chumba unachotumia kila siku, pima tena kwa programu ileile na seva ileile. Ukipata 19 pale kwenye ruta na 7 chumbani, intaneti yako haina tatizo, tatizo ni Wi-Fi, na kampuni hata ikikupandisha hadi mega 50 chumbani utaendelea kupata 7 ile ile. Watu wanapandisha kifurushi kila mwaka kwa sababu ya ukuta. Ukipata 7 kote kuwili, anza kuangalia upande wa kampuni. Mwenye kompyuta na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye ruta yuko mbele zaidi, kwa sababu Wi-Fi ameitoa kabisa kwenye hesabu.

Kuna namba nyingine inayowapotosha hasa wanaopenda kuchungulia mipangilio ya simu. Kwenye simu nyingi za Android ukifungua maelezo ya mtandao wa Wi-Fi utakuta kasi ya muunganisho, mara nyingi 72 Mbps, au 433. Mtu akiona 433 anakuja juu: mbona napata 20? Hiyo 433 ni kiwango ambacho simu na ruta wamekubaliana kuzungumza wao kwa wao hewani. Haihusiani na unacholipia. Na hata hapo hewani hutaipata yote, maana sehemu kubwa inaliwa na taratibu za kupokezana zamu. Ruta na vifaa vyake vinasema kwa zamu kwenye masafa mamoja. Simu moja iliyo mbali, inayonong'ona polepole kutoka jikoni, inakula muda wa wote.

Hiyo 72 nayo ina habari. Kwa kawaida inamaanisha simu imeshika masafa ya gigahezi 2.4, na 433 inamaanisha imeshika ya 5. Ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini ni finyu na imejaa watu: kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na kwenye nyumba zilizobanana kama Majengo au Pasua ruta za majirani wote zinagombania hizo hizo. Ya 5 ina nafasi na kasi, ila ukuta wa bloku unaikata, na zege la ghorofa ndiyo usiseme. Tangi la maji, friji, kabati la chuma, vyote vinapunguza. Fundi akija anaiweka ruta pale waya unapoingilia, karibu na dirisha la mbele, kwa sababu ndipo kazi yake inapoishia haraka. Mwombe akuongezee mita kadhaa za waya uiweke katikati ya nyumba, juu, si nyuma ya TV. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Wenye ruta za laini, zinazotumia laini ya simu badala ya waya, inabidi wasikilize hapa kwa makini zaidi, na ni wengi, maana ukipanda Uru au ukishuka Mabogini waya haujafika kila nyumba. Ruta ya aina hii inashika redio mbili kwa wakati mmoja: upande mmoja mnara wa simu, upande mwingine simu zenu. Ukiisogeza dirishani inauona mnara vizuri na intaneti inapanda, lakini Wi-Fi ya chumba cha nyuma inashuka. Ukiirudisha katikati, kinyume chake. Sasa mtu anayeita vyote viwili Wi-Fi atahangaika mwezi mzima, kila akihamisha kiboksi namba inapanda huku inashuka kule, na ataishia kusema mtandao una mapepo. Anayetenganisha atapima kwanza akiwa kando ya ruta, kila dirisha kwa zamu, hadi apate pale mnara unaposomeka vizuri, kisha ndipo ashughulikie namna ya kufikisha Wi-Fi chumbani. Na wao waangalie bando kabla ya kupima pima. Kwa mega 20, sekunde kumi za kupakua ni megabaiti 25, bado kupakia, na kadiri laini inavyokuwa na kasi ndivyo kipimo kinavyokula zaidi.

Jambo moja kuhusu seva. Programu nyingi zinachagua yenyewe seva iliyo karibu, na mara nyingi seva hiyo iko ndani ya mtandao wa kampuni yako au ya kampuni jirani hapa hapa nchini. Kwa hiyo siku ya mikongo kukatika ungeweza kupima ukapata namba nzuri kabisa huku tovuti za nje hazifunguki, maana kipimo chako hakikuvuka hata bahari. Speedtest inakuruhusu kubadilisha seva. Chagua ya Ulaya uone. Usishtuke ping ikipanda sana. Mwanga ndani ya uzi wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 10,000 za mkongo, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100 ambazo hakuna kifurushi kitakachokupunguzia. Ukiona ping ya seva ya Dar es Salaam inacheza kati ya 15 na 300 ukiwa chumbani, lakini kando ya ruta imetulia, ujue ni Wi-Fi inayorudia rudia kutuma vilivyopotea. Simu za video zinakatika kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya mega chache.

Na kupakia tusikupuuze. Ofisi nyingi za utalii hapa mjini kazi yao ni kupandisha picha na video za wapanda mlima kwenda kwa wageni, na bado wanasoma namba ya kwanza tu. Kifurushi chaweza kuwa na 30 za kupakua na 5 za kupakia, na ofisi ikalia Wi-Fi mbovu kila jioni wakati kila kitu kinafanya kazi kama kilivyouzwa.

Basi, ndugu yangu wa Majengo, kabla hujawapigia tena, usiwaambie "Wi-Fi iko chini", kwa sababu mtu wa huduma kwa wateja akisikia hivyo atakwambia zima ruta uwashe, na hana kosa, ndicho ulichomuuliza. Mwambie hivi: nimepima saa 3 usiku na saa 2 asubuhi, nikiwa mita moja kutoka kwenye ruta, vifaa vingine vimezimwa, napata 7 usiku na 19 asubuhi, kifurushi ni cha 20. Hapo umeshamwonyesha kwamba ukuta wako haumo, simu yako haimo, na kwamba kinachobana kinabana saa ambazo mtaa mzima umerudi nyumbani. Na ukikuta usiku na asubuhi kote ni 19 pale kando ya ruta, usiwapigie. Nunua mita kumi za waya.