Tangi la Pili Haliongezi Maji: Dhana Potofu Kuhusu Betri ya UTV, Winchi na Plau ya Theluji

Katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya na Waafrika Mashariki wengine wengi wamefanya makao, kuondoa theluji mlangoni si jambo la hiari. Msimu wa 2022–23 ulimwaga takriban sentimita 229 za theluji katika eneo la Minneapolis na St. Paul, na huko Duluth, kaskazini zaidi, ilifika sentimita 356, kiasi ambacho mji huo haukuwahi kukiandikisha kabla. Mwenye njia ndefu ya kuingilia nyumbani hawezi kutegemea sepeto. Hutafuta gari dogo la kazi la aina ya UTV, lile lenye viti vilivyopangwa sambamba na kasha la mizigo nyuma, akalifunga plau mbele, yaani bamba pana la kusukuma theluji, na winchi ya kuiinua. Winchi hii si ile ya bandarini inayonyanyua makontena; ni mota ndogo ya umeme yenye ngoma na kamba, na chakula chake chote kinatoka kwenye betri.

Hapo ndipo imani zisizo na msingi zinapoanza. Nyingi hutokana na kosa moja, yaani kuidhani betri kuwa kisima, ilhali ni tangi la juu ya paa. Linahifadhi kilichopandishwa na pampu, na pampu ya UTV ni kifaa cha kuzalisha umeme kilichomo ndani ya injini, ambacho mafundi hukiita steta.

“Betri inalala kwa sababu ni ndogo”

Ukimtazama mtu anayesafisha njia usiku, tazama taa zake badala ya bamba la plau. Bamba linapopanda, taa hufifia kidogo tu. Linapofika mwisho wa safari yake na kidole kikabaki kwenye swichi, taa hugeuka rangi ya chungwa, usukani unaosaidiwa na umeme huwa mzito, na injini hunguruma kama hamali aliyeongezewa gunia asilolitarajia. Mota imezuiwa kuzunguka lakini bado inalishwa, na mota ya umeme iliyozuiwa ndiyo inayokula kuliko zote.

Tufanye hesabu ya makadirio. Tuseme winchi yenye uwezo wa kuvuta pauni 4,500, ambazo ni kama kilo 2,040, inatumia ampea 50 kwa sekunde 3 kuinua bamba, na ampea 20 kwa sekunde 3 kulishusha. Kwa mizunguko 60, ambayo ni kazi ya kawaida kwa njia yenye kona na mahali pa kugeuzia, jumla yake ni kama ampea-saa 3.5 (ampea-saa moja ni ampea 1 ikitoka kwa saa nzima). Sasa ongeza sekunde 2 tu za kushikilia swichi bamba likiwa limekwisha kufika juu, wakati winchi inavuta ampea 200 au zaidi. Jumla inaruka hadi ampea-saa 10. Kazi ni ile ile na theluji ni ile ile, ila matumizi yamekaribia mara tatu kwa sababu ya kidole.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya betri yoyote, ni swichi ya kikomo inayoguswa na bamba au kamba na kukata umeme mwisho wa safari. Asiyetaka kununua na ajizoeze kuinua bamba sentimita 15 au 20 tu anaporudi nyuma, kwa kuwa hakuna sababu ya kulipandisha hadi usawa wa taa kila mara. Kushikilia swichi huko huko ndiko kunakokata kamba na kupinda mabano, lakini hayo yana siku yake.

“Injini ikiwa inawaka, umeme hauwezi kuisha”

Dhana hii ina ukweli nusu, na ndiyo maana haifi. UTV nyingi zina mfumo wa kuchaji wa kati ya wati 500 na 900. Namba hiyo, hata hivyo, hupatikana injini inapozunguka kwa kasi. Inapoachwa ingurume taratibu bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi wengi wa kwetu huiita silensa, steta hutoa sehemu tu ya kiasi hicho. Mfumo wa wati 500 hutoa kama ampea 35 mbio zikiwa kubwa. Kwenye silensa unaweza usifikie hata nusu ya hapo.

Na matumizi hayasubiri. Pampu ya mafuta na kompyuta ya injini zinataka sehemu yao, taa za mbele za halojeni zinataka yao, feni ya hita yao, waipa ya kioo yao, na usukani wa umeme huchota mkupuo mkubwa kila unapokata kona ukiwa umesimama na uzito wa plau uko juu ya magurudumu ya mbele. Kusafisha theluji kwenyewe ni kazi ya mwendo wa polepole: unasukuma mita chache, unasimama, unainua, unarudi nyuma. Ni kazi inayofanyika karibu na silensa saa nzima, huku kila kitu kimewashwa. Tangi linatoa maji kwa bomba kubwa na kujazwa kwa mrija.

Mtu wa namna hii hahitaji nadharia, anahitaji kipimo cha volti kwenye dashibodi. Kikionyesha karibu na 14 wakati wa kazi, betri inapokea. Kikikaa chini ya 13 kwa muda mrefu, betri inalisha gari badala ya kulishwa nalo, na kinachobaki ni kuhesabu dakika. Dawa zake si za gharama: taa za LED badala ya halojeni, feni ya hita ipunguzwe, na mafuta yakanyagwe kidogo gari likiwa halina gia wakati wa mvuto mrefu wa winchi. Dakika tano za kupiga resi kabla ya kuegesha husaidia kidogo tu. Betri ya risasi na asidi iliyopoa hupokea chaji kwa uvivu, na ampea-saa 10 zilizotoka kwa dakika 30 hazirudi kwa dakika 5. Chaja ndogo ya kudumisha betri, inayoachwa imechomekwa usiku kucha gereji, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko injini.

“Waya uliokuja na winchi unatosha”

Hapa nakiri kosa langu. Majira ya baridi ya kwanza nilinunua betri ya pili nikaifunga chini ya kiti, na winchi ikaendelea kukokota kama awali. Ndipo nilipofunga kamba kwenye mti, nikamwomba mwanangu ashike swichi kwa muda mfupi, nami nikapima volti sehemu mbili. Kwenye vichwa vya betri zilikuwa 11.9. Kwenye vichwa vya mota ya winchi zilikuwa 9.8. Zaidi ya volti 2 zilikuwa zinapotelea njiani, na hakuna betri ya ziada ambayo ingezirudisha.

Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Betri ya UTV mara nyingi iko chini ya kiti na winchi iko puani, hivyo kwenda na kurudi kunaweza kufika mita 5 za waya. Waya wa shaba wa milimita 13 za mraba, kwa urefu huo na kwa ampea 200, hupoteza kama volti 1.3. Wa milimita 21 hupoteza kama 0.8, na wa milimita 34 kama 0.5. Sehemu iliyosalia ya hasara yangu ilikuwa kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ambayo nilikuwa nimeifunga kwenye bolti ya chesisi iliyopakwa rangi, na chumvi ya barabarani ilikuwa imeanza kuila. Niliikwangua, kisha nikaamua kupeleka waya mnene wa ethi moja kwa moja hadi kichwa hasi cha betri. Winchi ikawa kama mpya.

Hasara hii haipunguzi kasi tu. Mota inayovuta mzigo ule ule kwa volti chache huzunguka polepole, kwa hiyo huvuta kwa muda mrefu zaidi na kupata joto zaidi. Rilei inayoiwasha, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, nayo ikikosa volti za kutosha, hutetemeka badala ya kushika, cheche zikaruka kati ya viungo vyake, na siku moja vikagandana kabisa. Winchi yenye viungo vilivyogandana haisimami unapoachia swichi. Anayetaka kujua maana yake na afikirie kamba inayoendelea kukaza huku mkono wake ukiwa karibu nayo.

“Namba kubwa ya CCA ndiyo betri kubwa”

CCA ni kipimo cha nguvu ya kuwashia kwenye baridi: ni ampea ngapi betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi bila kushuka chini ya volti 7.2. Ni kipimo cha upana wa bomba. Ujazo wa tangi ni ampea-saa, na mwenye plau anahitaji vyote viwili, kwa kuwa betri iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwasha tu huchoka mapema ikishushwa mara kwa mara. Betri za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa katika sifongo ya nyuzi za kioo, huvumilia mtikisiko na mkupuo wa winchi vizuri, na kwa kazi hii ndizo ninazozipendekeza bila kusita.

Baridi hukata ujazo huo. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya risasi hutoa takriban nusu ya inachotoa siku ya joto. Betri ya ampea-saa 30 inageuka kuwa ya 15, na zile ampea-saa 10 za mshika swichi sasa ni theluthi mbili ya mali yote. Kuna pia suala la kuganda. Asidi ya betri iliyojaa chaji haigandi hata kwa baridi ya Tower, kijiji cha Minnesota kilichoandikisha nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Iliyoisha chaji inakaribia kuwa maji, na inaweza kuganda hata kabla ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikapasua kasha. Betri iliyoganda isichajiwe wala kubustiwa kabla ya kuyeyuka na kukaguliwa.

Wengi hupima volti mara tu baada ya kuzima injini, wakaona 12.9, wakalala kwa amani. Hiyo ni chaji ya juujuu. Pima baada ya saa kadhaa: 12.7 au zaidi ni betri iliyojaa, 12.4 imepungua robo, 12.2 imebaki nusu. Ama ile imani kwamba sakafu ya zege hunyonya betri, ilikuwa na maana enzi za makasha ya zamani. Kasha la plastiki la leo halijali limewekwa wapi.

“Lithiamu imemaliza mjadala”

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ni nyepesi, na hushikilia volti zake karibu hadi mwisho. Tatizo lake linaangukia pale pale tunapoihitaji. Seli hizi hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu hujipaka kama chuma juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Betri nzuri zina ulinzi wa kielektroniki unaokataa chaji hadi zipate joto, na baadhi zina hita ndani. Ulinzi huo huo, hata hivyo, unaweza kukata umeme wote ghafla winchi inapovuta kuliko kiwango kilichowekwa. Kwa gari linalolala nje mwezi wa Januari, sioni sababu ya kulipa bei hiyo.

“Funga betri mbili, usahau”

Sasa tunaweza kuizungumzia betri ya pili kwa haki. Inafaa kwa anayetumia winchi kujikwamua mwituni mbali na msaada: mvuto wa dakika moja kwa ampea 200 hula zaidi ya ampea-saa 3, na steta hairudishi hata moja kwa muda huo. Mtu huyo huyo angefaidika pia na kapi, ambalo hupunguza mzigo wa winchi karibu kwa nusu.

Betri mbili zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, la sivyo kuukuu itainyonya mpya. Kuziunganisha kwa kufuatana hutoa volti 24, na vifaa vya volti 12 vitaungua. Mpangilio ulio bora ni kuzitenganisha kwa rilei inayosoma volti, ambayo huziunganisha chaji inapofika kama 13.3 na kuziachanisha inaposhuka hadi kama 12.8, winchi ikae kwenye ya pili, ili ile ya kuwashia ibaki salama hata winchi ikimaliza kila kitu. Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri uwe na kikata umeme karibu na kichwa chake.

Betri yangu ya pili niliiondoa mwezi Machi, baada ya kubadilisha waya. Nilimuuzia jirani anayevua samaki kwenye barafu, naye huiburuta ziwani kwa kijisleji ikimwashia taa ya kibandani.