Damu nyeusi ya hijama si uchafu
Hapa Mombasa, mtu akitoka kuumikwa, yaani kufanyiwa hijama, huambiwa: "Umeona damu ilivyokuwa nyeusi? Huo ndio uchafu wenyewe." Sivyo jamani. Ngozi huchanjwa kwa wembe, kikombe huivuta, vimishipa vidogo vikapasuka, damu ikakaa mle kikombeni, ikaganda na kuwa nzito kama maini. Ni damu yako ile ile. Kuisafisha ni kazi ya figo na ini, usiku na mchana. Na yale maduara ya zambarau mgongoni ni damu iliyovilia tu.

Mimi ningekuomba uangalie wembe: ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, maana homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupitia kwenye damu. Ikiwa unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), una mimba, au umepungukiwa damu, muone daktari kwanza.