Hakufungwa, lakini bunduki bado ni marufuku

Wengi huamini kwamba nchini Marekani mtu aliyetiwa hatiani akaponea jela, kwa faini au kifungo cha nje, bado anaruhusiwa kumiliki bunduki. Inaeleweka: kama hukulala gerezani hata usiku mmoja, kosa lako linaonekana dogo.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inatazama kitu kingine: adhabu ambayo kosa lenyewe lingeweza kuleta. Likiwa na kifungo cha zaidi ya mwaka 1, mhusika anazuiwa kuwa na bunduki, na hata risasi moja kwenye droo inahesabika. (Makosa madogo ya kijimbo yenye kifungo kisichozidi miaka 2 hayamo, hapa ndipo watu huchanganyikiwa.) Tangu 1996, hata kosa dogo la kumpiga mke au mume linazuia.

Ukitaka kuhakiki, chukua nakala ya hukumu, tafuta kifungu cha sheria kilichotajwa, usome adhabu yake ya juu kabisa. Fomu ya kununulia bunduki dukani nayo huuliza hivyohivyo: je, hakimu angeweza kukufunga zaidi ya mwaka 1, hata kama alikupa pungufu?