Poliesta haishikani na rangi, huifungia ndani

Chemsha kitambaa cheupe cha poliesta kwenye rangi ya pamba kwa saa nzima, kisha kisuuze. Rangi karibu yote itakwenda na maji, na wengi hapo humlaumu aliyewauzia. Rangi haina kosa. Pamba hupenda maji na ina pa kuishikilia rangi. Poliesta hubeba unyevu wa takriban asilimia 0.4 tu, na haina chaji ya umeme ya kuvuta kitu chochote.

Rangi yake ni ya aina nyingine: molekuli ndogo, zisizo na chaji, ambazo maji karibu yanazikataa. Unga husagwa hadi chembe za kama mikromita 1, ukachanganywa na dawa ya kuzuia chembe zisigandamane. Ninapoeleza hili huulizwa daima: isiyoyeyuka itaingiaje? Huyeyuka, ila kidogo kidogo. Molekuli chache zilizoyeyuka hutua juu ya uzi na kuzama ndani, na nafasi yake majini huchukuliwa na nyingine kutoka kwenye chembe.

Kuzama ndiko kugumu. Ndani ya uzi kuna minyororo mirefu ya molekuli. Mahali pengine imepangika na kubanana, hapapitiki kabisa, na pengine imekaa shaghalabaghala. Rangi hupita humo kwenye shaghalabaghala. Chini ya digrii 70 hivi minyororo imekakamaa. (Nasema digrii kwa makusudi, nikisema nyuzi hutajua naongelea joto au kitambaa.) Ukipita hapo vipande vyake huanza kujinyonganyonga, upenyo hufunguka na kufumba, na molekuli iliyo karibu hujipenyeza hatua moja. Kwenye digrii 100 mwendo bado ni wa kobe. Ndiyo maana viwandani hutumia mashine za shinikizo zinazofika 130, maji yakiwa na asidi kidogo, pH karibu 5. Zipo kemikali za kulegeza uzi ili digrii 100 zitoshe, lakini zinanuka na nyingi zina sumu. Mimi siziwashii hata jiko.

Niliwahi kufupisha muda kwa sababu ya haraka. Kitambaa kilitoka cheusi kizuri tu. Nikakata uzi kwa upana wake nikautazama kwenye hadubini: pete nyeusi pembeni, katikati kweupe. Rangi ilikuwa imeishia mlangoni, na ilianza kufifia mapema.

Ikishaingia, haifungwi na kifungo kikali cha kikemia. Kuna mivutano midogo ya van der Waals, yaani ya molekuli zilizokaribiana, na vifungo vya hidrojeni hapa na pale. Kwa kweli imeyeyuka ndani ya uzi, na uzi ukipoa minyororo huganda ikaizingira. Nailoni ni tofauti: kwenye asidi, ncha zake za amini (zenye nitrojeni) hupata chaji chanya na kunasa rangi yenye chaji hasi. Akriliki ni kinyume chake, nayo hunasa kwa pupa mno, kwa hiyo joto lipandishe taratibu au utapata mabaka.

Sasa kasoro ya poliesta: mlango ulioingiza rangi ndio huohuo wa kuitolea. Ukikinyoosha kitambaa kwenye digrii 180 baada ya kukitia rangi, sehemu ya rangi hurudi juu ya uzi, na kitambaa cheupe ukikisugulia hapo kitachafuka. Kama kazi yako itapitia joto hilo, chagua rangi zenye molekuli kubwa. Zitachelewa kuingia, basi ziongezee muda kwenye 130.